Tufe Lililotazama Juu

Mtaani kwetu kaka yangu wanamwita Mzamiaji, na hajui kuogelea. Mpeleke ufukweni uone: atasimama maji yakimfika magotini, ataangalia kushoto na kulia, kisha atarudi kwenye viatu vyake. Jina alipewa na muuza magazeti aliyesikia kwamba anatengeneza vitu vya chini ya bahari, na jina likishamganda mtu halibanduki. Mimi ndiye dada yake, mdogo wake wa pekee. Nasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yetu, na habari zake nazieleza mimi kwa sababu yeye ukimuuliza anaanzia kuumbwa kwa ulimwengu. Wateja wangu hawana muda huo.

Kazi yake na wenzake ni kujenga darubini. Najua umeinua macho juu. Na mimi niliinua. Hii yao inazamishwa baharini, chini kabisa, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu dunia iwe dunia, na ikishafika huko haitazami nyota. Inatazama chini, kwenye udongo. Niliposikia mara ya kwanza nilimuuliza kama akili hiyo waliazima au ni ya kwao wenyewe.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba kuna vitu vinaitwa nyutrino, vidogo kiasi kwamba havina habari na ukuta, wala mlima, wala mtu. Vingine vinatoka mbali huko nyota zinakolipuka, vinaingia upande wa pili wa dunia, vinaipita yote kama vile haipo, vinatokea huku kwetu. Hata sasa vinakupita wewe, na kiti, na chanuo. Mara moja moja kimoja kinajigonga majini, na hapo panatoka mwanga mdogo wa buluu. Huo ndio wanaouvizia. Wanatazama chini kwa sababu kutoka juu yanashuka makorokoro ya kila aina, lakini chenye uwezo wa kuivuka dunia nzima na kuibuka upande huu ni hicho tu.

Nikamuuliza wakishakipata watakifanyia nini. Akasema watajua kimetoka wapi. Basi. Watu wazima wenye familia, wanatumia maisha yao wajue kimetoka wapi. Nilimcheka mpaka mteja akalalamika namvuta nywele. Lakini baadaye, nikiwa nafagia, nilijikuta nautazama mkono wangu na kujiuliza kama kimeshapita kimoja.

Ugonjwa huu aliambukizwa na mama. Mama alifua mashuka hospitalini maisha yake yote, na kila kilichoharibika nyumbani, iwe saa, pasi au redio, alikifungua kwanza kabla ya kumwita fundi. Hakuwa na nia ya kukitengeneza. Alitaka tu kuona ndani kuna nini. Ndiyo maana presha ya macho ilipompata, mimi nilimlilia zaidi kuliko alivyojililia. Macho yalianza kufungwa pembeni, yakabaki yanaona katikati tu, mfano wa mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimpa dawa ya matone na kumweleza ukweli: inachelewesha, hairudishi. Kaka akamwahidi kwamba kamba ya kwanza ya darubini yao ikizamishwa na kuwashwa, atampeleka akauone mwanga wa kwanza kwenye skrini kwa macho yake mwenyewe. Kuanzia hapo mama hakuomba kitu kingine. Kila asubuhi alikwenda dirishani, akalitazama paa la jirani, akasema, "Bado lipo."

Niliwahi kuingia karakana yao. Ni ukumbi mrefu wenye sakafu ya kijivu, wanakuvalisha kofia ya nailoni na mifuko ya viatu, nawe unajiona kama mkate dukani. Matufe yao ni ya kioo kizito, makubwa kuzidi tikiti maji, ndani yamejaa vihisi vya mwanga. Vingi vimewekwa upande mmoja, na upande huo wanauita jicho. Matufe yanafungwa kwenye kamba ndefu, na kamba inazungushwa kwenye fremu kubwa ya chuma. Fremu inashushwa na meli mpaka kwenye sakafu ya bahari, kisha inaachia nanga yake na kuelea juu ikibingirika, kamba inafunguka nyuma yake mpaka isimame wima kama mlingoti. Kaka ndiye aliyekuwa akifunga matufe wakati wa kuzungusha. Ikishasimama, imesimama. Hakuna fundi wa kuifuata huko na bisibisi.

Sasa sikia. Meli ilikuwa imebakiza siku chache iondoke. Siku hiyo kaka alikuja kula mchana, na mama, ambaye hilo la kubingirika lilikuwa halijamwingia akilini, akamwambia amwonyeshe. Kaka akachukua uzi wangu wa kusukia bila hata kuomba, akatoboa vifuniko vya soda kwa msumari, akaanza kuvifunga huku akiuzungusha uzi kwenye ndoo. Upande wa wazi wa kifuniko ndio jicho. Alifunga huku anazungumza, mikono inakwenda yenyewe kama ilivyozoea kazini, mara akainuka kuchukua chai, akarudi akakaa upande wa pili wa ndoo, akaendelea. Kisha akaniambia nishike ncha na kuvuta kwenda juu. Uzi ukafunguka vizuri, ukasimama. Mama hakuweza kuuona wote kwa mara moja, kwa hiyo akaupapasa kuanzia chini, kifuniko kwa kifuniko, karibu afike juu.

"Hiki kimoja kinatazama juu," akasema.

Kaka akacheka, akasema amekosea, apewe akigeuze. Alikishika. Halafu kicheko kikamkauka.

Akakaa chini. Nilidhani amebanwa na tumbo. Ikabidi nimvute maneno kwa koleo. Ukizungusha kamba kwenye fremu, alisema, nusu ya mzunguko jicho linatakiwa lielekee sakafuni, na nusu nyingine lielekee dari, kwa sababu kamba inakuwa imepinda na kugeuka. Huwezi kujua kwa kutazama. Lazima uifuate kamba kuanzia kwenye nanga. Na karakanani pia, alipokuwa akifunga tufe lile la karibu na ncha, alikwenda kula, akarudi akaanzia upande wa pili. Akalielekeza jicho sakafuni, kwa kuwa kichwani mwake chini ni chini. Kumbe mahali pale sakafu ndiyo ilikuwa mbingu.

Mimi nilimwambia aache, iende hivyo hivyo. Nilisema na sijutii. Tufe moja katika kamba nzima, tena baharini, nani atakwenda kulikagua? Kufungua kamba na kuizungusha upya kungeichelewesha, meli isingeisubiri, na baada ya hapo bahari ingechafuka, hakuna meli mpaka msimu ugeuke. Na macho ya mama hayakuwa na msimu wa kusubiri. Kaka alijua hayo yote kuliko mimi. Alisema tufe hilo halitanyamaza, na hapo ndipo ubaya ulipo: litaona mwanga kweli, lakini litasema umetoka upande mwingine, na kila hesabu itakayopita kwake itaharibika. Alisema hivyo akimtazama mama, si mimi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama alikuwa bado amekishika kile kifuniko. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mnataka kujua kimetoka wapi," akasema. "Sasa mkidanganywa, mtajua nini? Nenda kafungue."

Alikwenda siku hiyo hiyo. Mkuu wake, mhandisi mwanamke mkali kama pilipili, hakumgombeza. Alivuta stuli akakaa karibu na fremu, wakaifuata kamba pamoja kuanzia kwenye nanga, na tufe walilikuta kama alivyosema. Meli iliondoka bila kamba yao. Mimi sikuzungumza na kaka kwa muda mrefu. Alikuwa akija, namwekea chakula, narudi kwenye nywele za watu.

Paa la jirani likatoweka kabla bahari haijatulia. Asubuhi moja mama alisimama dirishani, hakusema kitu, akarudi kitandani. Nilikwenda kulia jikoni nikiwa nimefungulia bomba.

Kamba yao ilizamishwa meli iliporudi. Kaka akaja na gari la kuazima, akasema ahadi ni ahadi. Nilitaka kumrukia, mtu kipofu unampeleka kuona nini? Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Chumba chenyewe ni kidogo, kiko mwisho wa korido karibu na choo, kina skrini na viti visivyofanana. Kwenye skrini vitone vilikuwa vinawaka ovyo. Kaka alisema hiyo ni chumvi ya bahari, ambayo ina mwanga wake hafifu, na wadudu wa huko chini, nao wana taa zao. Kisha akafungua kile walichokinasa, kilichothibitishwa. Vitone viliwaka kimoja baada ya kingine, kutoka chini kwenda juu, kwa mpangilio. Nikasogeza kiti mbele. Kilikuwa kimeivuka dunia nzima.

Kaka akapiga magoti mbele ya mama. Akaukunja mkono wa gauni lake mpaka begani, akaunyoosha mkono wake mapajani. Halafu akaanza kumgusa kwa kidole, kitone kwa kitone, jinsi vilivyowaka: kifundoni, juu kidogo, juu tena, kwenye kiwiko, akapanda. Mama aliinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Rudia," akasema. Akarudia.

"Kile kilichokuwa kinatazama juu ni kipi?"

Kaka akambonyeza karibu na bega, akakiacha kidole pale. "Hiki."

"Kimeona?"

"Kimeona, mama."

Tulirudi nyumbani mchana, mama amekaa kiti cha mbele, mkono wa gauni bado umekunjwa mpaka begani. Nilitaka kuukunjua, akanisukuma.