Nimeenguliwa kwa Nywele za Nusu Kichwa

Leo saa moja asubuhi nimepoteza nafasi yangu kwenye mbio ndefu za Jumamosi.

Sababu aliyotoa kocha? Nywele.

Ni kweli, kwenye majaribio ya asubuhi nilisimama mara tatu kufunga kitambaa. Zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu, maana jana msusi wangu, Dada Fides, aliniacha katikati akawahi Michenga kufukuza ndege kwenye mpunga wake.

"Nyoa, uje mwakani," kocha akasema.

Na ninyi wenzangu mkacheka, eti kuku kanyonyolewa upande. Niliwasikia.

Nikakimbia mpaka Michenga, mkono mmoja kichwani. Dakika sitini na mbili kwa saa yangu.

Dada Fides alikuwa juu ya dungu lake, jukwaa la kulindia mpunga.

"Siachi ndege kwa ajili ya kichwa chako," akasema. "Panda. Wewe piga debe, mimi nisuke."

Basi nikapiga debe, akasuka. Ndege wakitua naruka, naye ananikalisha kwa kuvuta nywele!

Kurudi, jua kali, miguu imechoka, kitambaa mfukoni: dakika hamsini na tatu.

Kocha, shikamoo. Utanipima tena, ndiyo au hapana? Andika jibu kwenye ubao huu kabla ya saa kumi na mbili jioni leo.