Mlango Usio na Mfuko

Ermelinda hakuwa mwanamke wa kugonga milango. Muulize mtu yeyote pale Penedal, mji wetu mdogo wa milimani Ureno, atakuambia. Miaka kumi na tisa alipeleka mkate nyumba kwa nyumba kwa kigari chake cheupe, na hakuna hata siku moja aliyogonga. Kwetu anayetaka mkate hutundika mfuko wa kitambaa kwenye kitasa jioni, na asubuhi anaukuta umejaa. Asiyetaka hatundiki. Na mlango usio na mfuko haugongwi, basi. Pengine wenyewe wamesafiri, pengine wamegombana, pengine wana msiba na hawataki macho ya watu. Marehemu mumewe Basílio, aliyekuwa mwokaji, alimwambia siku ya kwanza alipomkabidhi usukani: "Mkate unaingia kila nyumba, mdomo unabaki garini."

Halmashauri ilipofungua uwanja wa magari-nyumba nyuma ya shule, wengi tulicheka. Shule yenyewe ilikuwa imefungwa zamani kwa kukosa watoto. Wakachora nafasi nane, wakaweka bomba la maji safi na shimo la maji machafu, na kibao: kulala bure, mwisho saa arobaini na nane. Bure! Nani aje kulala Penedal, hata kwa bure? Lakini walikuja. Walikuja wastaafu kutoka kaskazini na magari yao yenye vitanda na majiko, wakanunua jibini letu, wakakaa mkahawani, wakatusalimia kwa Kireno cha kuchekesha; tukawaita konokono, kwa kutembea na nyumba zao. Mji uliokuwa umezoea kengele za mazishi ukaanza kusikia watu wakicheka mchana. Mwenyekiti wa halmashauri, Norberto, akafurahi mpaka akatangaza kwamba asubuhi ya kwanza kila mgeni atapewa mkate, zawadi ya mji. Ermelinda akayakata mapazia ya shule, yale ya bluu yenye vidoa, akashona mifuko minane.

Wa nafasi namba nne alikuwa Wiebe, Mholanzi mjane, fundi wa madaraja aliyestaafu, mrefu mpaka alikuwa anainama kuingia garini mwake mwenyewe. Alikuja kila Oktoba, zabibu zikishakamuliwa. Analala siku zake mbili za halali, anaondoka kwenda kusini kwenye jua, na hatumwoni tena mpaka mwaka unaofuata. Yeye na Ermelinda walizungumza Kifaransa, maana Ermelinda na Basílio waliwahi kusafisha nyumba za watu huko Ufaransa kabla hawajarudi kufungua tanuri. Mfuko wake Wiebe hakuurudisha kama wageni wengine. Aliondoka nao, na kila Oktoba alirudi nao umefuliwa na kupigwa pasi. Mwanamume anayepiga pasi mfuko wa mkate! Ermelinda alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kejeli, lakini mbona alilisimulia mara nyingi hivyo?

Mwaka wa sita alifika Jumanne saa kumi jioni. Jumatano asubuhi mfuko ulikuwa kwenye kitasa, Ermelinda akautia mkate, akapita. Jioni ile wakakaa kwenye ngazi za shule na mabakuli ya supu ya kabichi, kama kawaida yao, huku kila mwenye dirisha akiwatazama nyuma ya pazia.

"Bi Mkate," akasema Wiebe. Ndivyo alivyomwita. "Nimechoka kukuona siku mbili kwa mwaka."

"Kalalamike halmashauri. Kibao si changu."

"Sitaki nafasi zaidi. Nataka tuondoke wote kesho. Tukae kusini mpaka Pasaka. Ukichoka, nakurudisha."

Ermelinda akaweka kijiko chini. "Umri huu nikafuatane na konokono?"

"Konokono ana nyumba yake," akajibu Wiebe. "Na hajawahi kumwacha mtu njiani."

Ermelinda alicheka, lakini moyo ulimwenda mbio, na alipoona moyo unamwenda mbio akaogopa, na alipoogopa akawa mkali. Wako hivyo watu wa milimani.

"Wewe unadhani maisha yangu ni ya kutia kwenye gari tu? Na mkate nani atapeleka? Watu hawa wale mawe? Acha kunisumbua, Wiebe."

Yule mzee hakubisha. Alikusanya mabakuli mawili, akasema, "Umesema kweli, samahani," akaenda kuyaosha bombani. Mgongo wake tu ndio ulioonekana, na ulikuwa umepinda kuliko siku zote.

Ermelinda akarudi nyumbani, akajilaumu njia nzima. Akakaa jikoni, akatazama kiti cha Basílio, kisha akainua simu akampigia wifi yake.

"Graciete, wifi yangu, utanishikia tanuri na gari la mkate mpaka Pasaka?"

"Unaumwa?"

"Siumwi. Naondoka."

"Unaondoka na nani? Usiniambie! Na yule konokono?"

"Huyo huyo."

"Ermelinda! Na miaka yako sitini na sita!"

"Sitini na saba. Usiniibie."

"Na kaka yangu angesema nini?"

"Kaka yako amelala kaburini miaka kumi na mmoja, hata siku moja hajaniuliza nimekula nini."

Graciete akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nenda, mama. Nenda kabla sijaenda mimi. Umeshamwambia?"

"Kesho, pamoja na mkate."

"Kesho! Mtu yuko hatua mia mbili kutoka hapo!"

"Unataka nionekane naingia kwenye gari la mwanamume giza limeshaingia? Mji mzima uko madirishani. Kesho, wifi."

Tulikuwa madirishani kweli. Nasema hivi kwa aibu.

Alfajiri akaoka keki ya mafuta ya zeituni, ile ambayo kwetu hupelekwa nyumba ya mtu unapokuja kukubali jambo. Akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaiweka kwenye kiti cha mbele ikiwa bado moto. Nguo zake zilikuwa zimeshapangwa sandukuni. Alivaa hereni.

Akapita namba moja, mfuko upo. Mbili, upo. Tatu, upo. Akafika namba nne na keki mikononi.

Kitasa kilikuwa kitupu.

Alitazama chini, labda upepo umeuangusha. Hapakuwa na kitu. Pazia limefungwa, na ndani redio inazungumza polepole, mtu anasoma hali ya hewa. Wiebe hakosi hali ya hewa asubuhi, kila mtu anajua. Kwa hiyo yuko macho, akawaza Ermelinda. Yuko macho, anajua mimi huyu nimesimama hapa, na mfuko hakutundika. Miaka sita hajakosa, leo amekosa. Nimemwambia aache kunisumbua, naye ameacha.

Mkono uliinuka. Majirani wa namba tano waliuona umeinuka, wakasimulia baadaye. Ungeshuka mara moja tu juu ya bati la mlango ule, mambo yangekuwa mengine. Lakini miaka kumi na tisa si mchezo. Aliurudisha mkono, akarekebisha hereni, akaenda namba sita kwa Wahispania ambao hata majina yao hakuyajua, akawatundikia ile keki pamoja na mkate. Walimpigia makofi kupitia dirishani. Walisema hawajawahi kula kitu kitamu namna ile.

Saa kumi jioni akaja Adérito, kibarua wa halmashauri, kumkumbusha Wiebe kwa adabu kwamba saa zake zimetimia. Huyo ndiye mtu pekee Penedal ambaye kazi yake ni kugonga. Aligonga, akangoja, akagonga tena, akachungulia kioo cha mbele. Wiebe alikuwa sakafuni nyuma ya mlango, redio bado inazungumza peke yake, macho wazi, upande mmoja wa mwili umekufa. Alikuwa anapumua. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya mji mkubwa, na Jumamosi asubuhi akafariki.

Adérito hana breki mdomoni, Mungu amsamehe. Habari zilipofika, alikwenda moja kwa moja mpaka tanurini.

"Daktari anasema alianguka usiku wa Jumatano, Bi Ermelinda. Anasema kama angepatikana mapema, hata asubuhi tu..."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Hakusema saa."

"Saa moja?"

Adérito akageuza kofia mikononi. Hata yeye alielewa wakati huo, akatoka. Ermelinda akakaa juu ya gunia la unga. Graciete alimkuta hapo jioni, mikate ya siku ile yote imeungua, hereni zimo masikioni bado.

Jumatatu akaja binti wa marehemu, Sietske, mrefu kama baba yake, kulichukua gari. Ermelinda akaenda kumpa pole kwa Kifaransa chake cha zamani. Binti akashukuru, akaingia garini, akatoka na kitu cha bluu chenye vidoa.

"Samahani, mama. Wewe ni mtu wa hapa, labda utajua. Hospitali wamenipa hiki. Alikuwa amekishika, iliwabidi wamfungue vidole kimoja kimoja. Hatujui ni nini."

Kilikuwa bado na alama za pasi.

Ermelinda akakipokea. Kwa hiyo alikuwa anakuja mlangoni kuutundika. Alikuwa hajakasirika hata kidogo, alitaka mkate wake kama siku zote, na hatua mbili zikamshinda.

"Ni mfuko wa mkate," akasema.

"Wa mkate tu?"

"Wa mkate. Aliwahi kukuambia lolote juu ya huku?"

"Baba hakuwa msemaji. Lakini safari hii alipoaga alisema huenda asirudi peke yake." Binti akatabasamu huku anafuta macho. "Tulidhani anataka kununua mbwa."

Ermelinda akacheka. Haki ya Mungu alicheka, akainama anacheka, mpaka yule binti akamshika mabega na kugundua kwamba si kicheko tena.

Hakuondoka Penedal, na gari la mkate hakumpa mtu. Ila siku hizi anagonga. Penye mfuko anatia mkate na kupita, lakini pasipo na mfuko, iwe nyumba iwe gari, anagonga kwa ngumi mpaka aitikiwe. Sisi wenyeji hatukusema neno, nani angethubutu? Wageni ndio waliolalamika. Mwezi Mei Norberto akamwita ofisini, ana barua tatu mezani.

"Bi Ermelinda, watu wanapumzika. Mmoja hapa anasema alitoka na chupi tu akidhani moto umewaka. Anasema alikutukana."

"Alinitukana vizuri. Nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Mwenyekiti, asubuhi nzima huwa naomba mtu anitukane. Akinitukana najua amesimama kwa miguu yake."

Norberto akazipanga zile barua, akazipangua. Alikuwa mmoja wetu wa madirishani, dirisha lake linatazama ngazi za shule.

"Nifanye nini, basi? Nambie wewe."

"Niandikie kwenye kibao."

Wiki iliyofuata Adérito akapeleka ngazi na rangi. Nenda ukaone, kipo mpaka leo nyuma ya shule, kwa lugha tano. Kulala bure. Mwisho saa arobaini na nane. Mkate wa kwanza ni zawadi ya mji. Na chini, mstari ambao Ermelinda aliusimamia mwenyewe herufi kwa herufi: Asubuhi mtagongewa mlango. Tafadhali itikeni.