Meseji ya Mama Atu Isiyo na Salamu

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha huduma za mifugo, hapa Tukuyu mjini, Daktari mkuu wa kituo alinionyesha kompyuta iliyofunikwa nailoni kwa sababu ya paa kuvuja.

"Programu unazijua?"

"Kidogo, Daktari. Nimejifunzia kwenye simu."

"Basi huyu ndiye ng'ombe wako. Mkamue."

Wafugaji walituma meseji, programu ikazipanga. Kwa programu, meseji nzima ni mlolongo wa herufi. Sisi tunauita stringi. Inageuza herufi zote kuwa ndogo, maana wazee wetu hupenda herufi kubwa tupu, halafu inatafuta neno "uchungu", ule wa kuzaa. Likiwemo, meseji inapanda juu kabisa na Daktari anavaa gambuti.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka asubuhi moja Mama Atu wa Lufingo akashuka kwenye bodaboda, kanga imelowa chapachapa.

"Daktari! Nimetuma meseji tangu alfajiri! Ng'ombe wangu ni huyo mmoja tu, atanifia!"

Wakaondoka na bodaboda ile ile. Nikaitafuta meseji. Ilikuwepo, chini kabisa: "Uchungu umemshika ng'ombe wangu, ndama hatoki."

Nikaisoma programu mstari kwa mstari. Ukitafuta neno, unajibiwa nafasi lilipoanzia, na hesabu inaanzia sifuri. Lisipokuwepo, unajibiwa hasi moja. Aliyeiandika kabla yangu aliiagiza: chukua zilizozidi sifuri. Sasa huku kwetu nani anaanza bila salamu? "Shikamoo Daktari, ugonile, za nyumbani, watoto hawajambo?" Ndipo uchungu ufike! Mama Atu, kwa hofu yake, aliruka yote. Neno likakaa nafasi ya sifuri, programu ikadhani halipo.

Nikarekebisha: sifuri au zaidi.

Daktari alirudi na matope hadi magotini, anacheka. Ng'ombe mzima, ndama jike mzima. Nilipomweleza, akapiga makofi. "Kumbe tulikuwa tunawaadhibu wasio na adabu!" Akampigia Mama Atu palepale, akamsimulia, kisha akanipa simu.

"Ndaga fijo, mwanangu," Mama akaniambia kwenye simu, asante sana hiyo. "Basi ndama ataitwa Sifuri."

Miaka ikapita, na mwezi uliopita nilistaafu. Msinicheke, ujana ninao bado. Nimestaafu kituo tu, naenda kufungua darasa langu la kompyuta Kisondela. Siku ya mwisho nafunga begi, meseji ikaruka juu kabisa, haina hata shikamoo:

"Uchungu umemshika Sifuri."

Daktari alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye gambuti. Nikaliweka begi chini.

"Nisubiri, Daktari. Leo na mimi naenda."