Gari la Kiingereza la Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu wa chumba cha uani hupima kila kitu kwa shibiri. Futi hana; hutanua kiganja, huchezesha midomo akihesabu, kisha husema, "Inatosha, mama." Hivyo ndivyo alivyolipima lango langu siku alipolinunua lile gari kuukuu la Kiingereza, la milango minne na dashibodi ya mbao, akalisukuma mpaka uani. Chakula hula kwa mikono ya grisi, lakini gari haligusi mpaka anawe kwa sabuni. Mimi hunisalimia akiwa uvunguni, miguu tu nje. Gari hulipapasa boneti: "Umeamkaje, bibie?" Alibadilisha injini, akalishusha chini, akalifungia magurudumu mapana, na ili yaenee akayatanua madigadi yanayoyafunika kwa bati jipya.

Leo asubuhi likawaka. Majirani wakapiga vigelegele, nami nikamfungulia lango mwenyewe. Likasogea, likakwaruza, likakwama: madigadi ya mbele yamebanwa na nguzo huku na huku. Kumbe gari amelinenepesha, lango hakulipima tena!

"Fundi! Na shibiri zako zote hizo?"

Akashuka, akachukua nyundo kubwa. Huruma ikanishika. "Pole, baba. Yagonge madigadi taratibu, usiharibu rangi."

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mamake. Akavua shati, akalifunika boneti lisipate vumbi, kisha akainua nyundo juu ya nguzo ya lango langu.