Barafu ya Mwalimu Modeste

Kwao Kongo, milimani Minembwe, Modeste Muhirwa alifundisha jiografia miaka kumi na mmoja. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tangu 2004, alilima maharage. Mimi Gad, jirani yake mwenye boda boda, ndimi niliyembeba siku ile ya 2009, na hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Shule moja ya sekondari hapa kambini ilitafuta mwalimu. Mkuu wa shule akamwambia aje Jumatano saa nne, afundishe somo moja wamwone: jinsi barafu inavyochonga milima. Modeste akaenda mjini Mbarara, akamwomba muuza samaki mwenye friji amgandishie beseni la maji lenye kokoto chini. Jumatano asubuhi na mapema tukalichukua, tukalifunika kwa maranda na gunia. Njia nzima alinigonga mgongoni.

"Gad, kimbia! Lakini usiruke mu mashimo!"

"Chagua moja, Mwalimu."

Tulifika kabla ya saa nne. Tukaambiwa mkuu ana wageni, tungoje. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Modeste alivua koti lake la kanisani akalitupia juu ya gunia, na maji yakazidi kutiririka. Nilitamani kuupiga teke ule mlango.

Saa nane ndipo walipomwita. Lilikuwa limebaki bonge la ukubwa wa mkate, kokoto zimeng'ang'ania chini yake. Hakunung'unika. Aliwaambia wanafunzi, binti yangu Teta akiwemo, kwamba juu ya Rwenzori theluji huangukia theluji mwaka hadi mwaka. Ya chini inabanwa mpaka inakuwa barafu, kisha uzito huohuo unaiteremsha polepole, imeshika mawe kama meno. Akalikokota bonge juu ya mche wa sabuni. Mifereji ikatokea.

"Muone, bonde linapanuliwa hivi, pande zinasimama wima. Barafu ikiyeyuka, mawe inabakia mu rundo, pale fasi ilikoma."

Darasa zima lilipiga makofi. Nami pia, dirishani.

"Mwalimu, wewe nafundisha muzuri sana," mkuu akasema. "Karatasi iko wapi?"

"Diplome yangu iliungua na nyumba, Mukubwa."

"Pole sana. Bila karatasi siwezi andika wewe."

Wiki mbili baadaye kijana aliyepewa kazi ile, Kabanda, alikuja shambani kumwuliza Modeste barafu inachimbaje. Modeste akaweka jembe chini, akamweleza yote, akamchorea mabonde na marundo ya mawe. Nilimfokea Modeste.

"Uniache, Gad. Akifundisha uongo, ni batoto betu batapotea."

Ijumaa hiyo Teta alirudi na daftari lenye michoro ileile ya Modeste, mstari kwa mstari. Modeste mwenyewe alikuwa kwetu, anakunywa chai nyuma ya pazia la mlango, Teta asimwone. Nikamwuliza mtoto nani kawafundisha.

"Mwalimu mupya, papa. Yule wa barafu alituchekesha tu. Huyu ndo anajua."

Modeste alimaliza chai yake, akamshukuru mke wangu, akaenda kulima.