Kibuyu Namba Thelathini na Moja

Simu iliita wakati Lea akipepeta alizeti uani kwake Misigiri. Alipoona jina la Noel, msimamizi wa Jumba la Sanaa la mjini Singida, akaiacha iite mpaka ikakata. Hakuwa na ugomvi na Noel. Ugomvi wake ulikuwa na lile jumba, ambalo baba yake, Mzee Gaspari, alikuwa mlinzi wake mwaka wa sita sasa. Simu ikaita tena. Akajifuta mikono kwa khanga, akapokea.

"Shikamoo, dada Lea. Uko na nani hapo?"

"Marahaba. Niko na kuku."

"Hakuna mtu mzima?"

Hapo Lea akaelewa. Akaketi juu ya gunia. Noel akamwambia kwamba Mzee amefariki alfajiri hospitalini, kwa presha, na hakuteseka. Lea akaanza kusali, akaishia kulia kwa sauti hata wale kuku waliokuwa wakidokoa alizeti wakatawanyika.

Jioni ndugu walipokusanyika, mwinjilisti Ezekieli akauliza kadi ya usharika ya marehemu iko wapi, maana mazishi ya kanisa yanaanzia kwenye kadi. Mdogo wake Lea, Joshua, akakuna kichwa.

"Baba alikuwa anaiweka kazini, ndani ya Biblia yake. Dada, wewe ndiye mkubwa. Kesho nenda ukailete."

"Nenda wewe."

"Mimi nachimba kaburi. Tubadilishane?"

Lea akakubali kwa kichwa. Kwa miaka sita baba yake alikuwa akimwambia kila wanapoachana, "Mwanangu, njoo siku moja tu," naye alikuwa akijibu, "Nitakuja, baba," kwa sauti ya mtu asiyekuja. Aliamini mle ndani mmejaa vitu vya matambiko, na mzee wa kanisa hana kazi ya kuvilinda.

Ukweli ni kwamba Gaspari hakuajiriwa avitangaze vitu hivyo. Alistaafu kukamua mafuta ya alizeti huko Shelui, akapewa kofia, rungu na kiti cha plastiki getini. Jumba lilikuwa jipya, lina ngoma, ngao, vinu, vibuyu na picha zilizochorwa na vijana wa mjini, na kila kimoja kilikuwa na kibao: USIGUSE. Watu wakatii kuliko ilivyotarajiwa: hawakugusa hata mlango. Miezi mitatu ya mwanzo kitabu cha wageni kilikuwa na majina tisa, na wanne kati yao walikuwa wanatafuta ofisi ya maji.

Siku moja mama mmoja mwuza mtama alichungulia getini, akageuka aende zake.

"Mama, mbona huingii?" Gaspari akamwuliza.

"Niingie nikaone nini, baba? Kinu? Kinu nimekiacha nyumbani."

"Basi ingia utuonyeshe kinavyotwanga. Hawa wa ofisini hawajui, wamekiegemeza ukutani kama mgonjwa."

Mama akaingia, na mtama wake, na wenzake wawili. Noel aliporudi kutoka kunywa chai alikuta wanawake watatu wanatwanga kwa zamu huku wanaimba, pumba zimetanda mpaka kwenye picha ya flamingo.

"Mzee Gaspari! Hicho ni kitu cha maonyesho!"

"Ndiyo, bosi. Leo kimeonekana."

Noel alitaka kukasirika, lakini akahesabu watu waliosimama dirishani wakicheka. Walikuwa arobaini. Kesho yake aling'oa nusu ya vibao kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu hapo kazi ya ulinzi ikabaki jina. Siku za mnada Gaspari alibeba kitu kimoja begani, akakisimamisha katikati ya wauza mbuzi na kupaza sauti, "Nani anamjua huyu?" Aliyejua alichukuliwa mpaka jumbani, akaandikiwa kadi kwa maneno yake mwenyewe. Ndiyo maana chini ya ile ngao kubwa pameandikwa: *Stefano anasema babu yake alikuwa nayo kama hii, vitani hakwenda, aliitumia kufukuzia nyani shambani, na nyani hawakuogopa.* Watu walikuja kusoma kadi za jirani zao ili wapinge, na wakishapinga wakaandikiwa ya kwao.

Watoto wa shule aliwawekea sharti moja: kitu kilichowazidi umri lazima kiamkiwe. Darasa zima lilisimama mbele ya ngoma kuu likasema "Shikamoo!" na kutoka nyuma ya pazia sauti nzito ikaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Mwalimu wao ndiye aliyetangulia kufika barabarani.

Mtu alirekodi tukio hilo, likafika kwenye kundi la simu la kwaya ya Misigiri. Lea aliona kwa macho yake ngoma inaitikia. Akaita akina mama sita, wakafunga siku tatu. Siku ya tatu baba yake akapiga simu.

"Lea, nimesikia mnafunga kwa ajili ya ngoma."

"Baba, kile kitu kinasema!"

"Nilikuwa mimi, mwanangu. Nyuma ya pazia. Kuleni, jamani, mtaugua. Halafu njoo uone pazia."

"Nitakuja, baba."

Hakuja. Na sasa alikuwa amesimama getini, mbele ya kile kiti cha plastiki, na juu ya kiti kofia imewekwa peke yake.

Msichana wa mapokezi, Happiness, akamwamkia kwa kupiga goti, akamwongoza hadi kwenye meza ya Mzee nyuma ya pazia. Biblia ilikuwepo, na kadi ndani yake. Lea akaishika, akageuka kuondoka upesi, macho chini. Alipoyainua ili auone mlango, yakakutana na kibuyu cha maziwa.

Kilikuwa na ufa kuanzia shingoni hadi tumboni, umeshonwa kwa uzi wa bluu wa gunia. Uzi uliishia katikati, na nusu ya chini ilimaliziwa kwa kamba nyeusi ya kiatu. Kadi yake iliandikwa: *Namba 31. Kibuyu. Aliyekishona:* halafu mstari mtupu.

"Huyu hamjapata anayemjua?" Lea akauliza.

"Mzee alikataza tusimwulizie mnadani, shangazi. Alikileta mwenyewe mwaka ule wa kwanza. Alisema anayejua yupo, anakuja, tusimharakishe."

Lea alikuwa na miaka tisa alipokipasua, akimfukuza mbuzi aliyeingia jikoni. Mama yake, Sikudhani, alikishona jioni ile ile. Uzi ulipomwishia alichomoa kamba ya kiatu cha mumewe, na Jumapili Gaspari akaenda kanisani kiatu kimoja kimefungwa kwa katani, akiwaeleza watu kwamba ndiyo mtindo. Mama alikufa miaka miwili baadaye. Lea alidhani kibuyu kilitupwa.

Akaomba kalamu. Happiness akampa, kisha akamwacha peke yake. Lea akaandika pole pole, herufi za darasani: *Sikudhani, mama yangu. Aliyekipasua ni mimi, Lea. Kamba ni ya kiatu cha baba.*

Halafu, kwa kuwa kilimzidi umri, akasema, "Shikamoo, mama."

Akasubiri. Kisha nyuma ya pazia sauti nyembamba, ya mtu anayelia na kujikaza, ikajibu:

"Marahaba, mwanangu."

"Happiness, wewe!"

"Nisamehe, shangazi. Zamu ya Mzee sina wa kumwachia."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana.

Mazishi yalikuwa kesho yake, Misigiri. Mazengo, mtani wao kutoka Manyoni, alifika amevaa kofia ya ulinzi, akasimama mbele ya jeneza na rungu la bua la mahindi.

"Waheshimiwa! Kitu kipya, kimeletwa leo! Msipite bila kukiamkia!"

Waombolezaji wakasema "Shikamoo" kwa pamoja. Mazengo akatega sikio kwenye jeneza.

"Leo hajibu. Mtu wa dharau sana huyu!"

Hata mwinjilisti Ezekieli aliangalia pembeni, mabega yakimtikisika.

Saa tisa jeneza lilishushwa kwa kamba nne. Mwinjilisti alisoma, akasali. Lea alitupa udongo wa kwanza, akafuata Joshua, halafu Noel na Happiness, halafu wale akina mama watatu wa kinu. Wanaume wakafukia kwa majembe. Kwaya iliimba nyimbo mbili. Msalaba ukasimikwa, shada likawekwa, watu wakanawa mikono kwenye beseni, wakaenda kula.