Jinsi Nilivyomchagulia Mwanangu Ziwa

Mimi kuogelea sijui. Nilizaliwa Bungoma, nikaolewa huku Kitale, na maji mengi niliyowahi kuingia ni ya mto wa kufulia, yale yanayokufika magotini. Lakini mimi ndiye niliyemchagulia mwanangu ziwa la kwenda kuishi na mashua zake. Watu wakisikia hivyo wanacheka. Wacha wacheke.

Mjukuu wangu nilimlea tangu alipoacha kunyonya. Kwetu mtoto wa kwanza wa kijana wako unaweza kupewa, akawa mkono wako na mguu wako. Baba na mama yake walikuwa wakifanya kazi Jinja, upande wa Uganda, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiteremsha watalii mtoni kwa mashua. Mwanangu aliendesha mashua, mkewe alipika. Mtoto alibaki na mimi. Alibeba jina la mama yangu, kwa hiyo nilimwita mama, naye aliniita kukhu, yaani nyanya. Tulilala kitanda kimoja, miguu yake imebandikwa mgongoni pangu kama matofali ya baridi. Shuleni hakuna aliyemshinda mbio. Kwa mdomo, hata walimu hawakumshinda. Nilijivuna naye na sioni aibu kusema.

Kila likizo baba yake alimchukua Jinja. Alirudi na mabega mapana kama ya kijana wa kubeba magunia, na hadithi ambazo mimi nilizihesabu kuwa uongo.

“Kukhu, kuna mashua unaivaa kama soksi. Ikipinduka, unapinduka nayo.”

“Na kichwa kinakuwa wapi?”

“Chini, kwa maji.”

“Halafu?”

“Halafu unarudi.”

“Maliza ugali wako,” nilimwambia. “Mtu akiingia kichwa chini kwa maji, anarudi akiwa amebebwa.”

Mwaka ule shule za msingi zilipofanywa za bure, yule mzungu alizeeka akarudi kwao. Mwanangu akaachiwa mashua tatu. Alifika kwangu na pikapu ya kukodi, mkewe kando yake, na mashua moja imefungwa juu, ndefu, rangi ya machungwa, ncha mbili. Mzee mmoja barabarani alivua kofia akidhani ni jeneza. Jirani yangu, mwanamke asiyejua kunyamaza, alisimama kwenye ua.

“Mama! Hilo ganda la njugu mnalipeleka wapi?”

“Na njugu ni wewe,” nikamjibu. “Ingia tukufunge.”

Tulicheka. Jioni, tukila, mwanangu akasema maneno yake. Amechoka kuajiriwa. Anatafuta ziwa, ajenge kando yake, akodishe mashua, afundishe watu. Ziwa lenye maji ya kutosha na upepo usio na wazimu, na barabara ya kuleta wageni.

“Na mtoto?” nikauliza.

Mkewe aliangalia sahani. Mwanangu akasema, “Mayi, mama yangu, mtoto tulikupa akutumikie. Sasa amekua. Turudishie.”

Nikasema, “Si kuna bwawa hapa, kwa lile shamba la zamani la mzungu? Maji yamejaa.”

“Mayi, lile ni la kunywesha ng'ombe. Nikipiga kafi mara mbili nimegonga ukingo upande wa pili.”

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Ningekataa kwa njia gani? Mtoto ni wake. Mimi nilikuwa nimeazimwa tu, kama vile mtu anavyoazimwa sufuria ya arusi, na sufuria ya arusi hurudishwa ikiwa safi.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja mkononi. Kwetu, katika ukoo nilioolewa, mtu hajengi mahali papya kabla mama yake hajapakanyaga. Mama anavua viatu, anatangulia peke yake, na hakuna anayemsemesha. Neno la kwanza linalomtoka akifika pale ndilo neno la mahali pale. Likiwa baya, mnafunga mizigo. Likiwa zuri, anachukua maji mdomoni anayatema chini, basi, pamebarikiwa. Mama mkwe wangu alipoletwa kwenye shamba hili la Kitale, likiwa msitu na visiki tu, alisema, “Hapa hata jiwe litaota mahindi.” Tumekula mahindi mpaka leo. Shemeji yangu alipopata shamba Tongaren, mama huyo huyo alifika akasema, “Upepo.” Shemeji akaziba masikio, akajenga. Bati zake ziliokotwa kwa majirani. Mwanangu alikuwa mdogo wakati huo, ndiye aliyetumwa kuziokota. Kwa hiyo hata baada ya Jinja na wazungu wake, hakuthubutu kuchagua ziwa bila mimi.

Tulianza na Kisumu. Tulipitia Bungoma, kwa dada yangu, tukachinjiwa kuku. Dada alinivuta jikoni.

“Wewe mjinga kweli,” akaniambia. “Kila ziwa ukifika, sema ‘kaburi’. Atazunguka mpaka mafuta yaishe, na mtoto utabaki naye.”

“Neno la kupanga si neno.”

“Nani atajua kama umepanga? Utapimwa ulimi?”

Nilimwambia aache mambo ya kishetani. Lakini neno lilikuwa limeshaingia kwenye sikio, na sikio halina mlango.

Kisumu sikuhitaji kupanga. Nilivua viatu, nikatembea mbele mpaka pale walipopachagua, na sikuona maji. Niliona kijani kitupu, magugu yamelala juu ya ziwa kutoka ukingo mpaka macho yanapochoka, na ndege wanatembea juu yake kama kuku uani.

“Nyasi,” nikasema.

Mwanangu aliposikia aliegemea pikapu. Alinieleza kwamba magugu haya yanasukumwa na upepo, leo yako hapa, kesho yako kwingine. Lakini yeye mwenyewe alijua. Mashua haiendi kwenye nyasi. Tukageuza. Nilirudi Kitale nikiimba, mtoto amelala kwenye bega langu, na niliona mkono wa Mungu.

Leo ninapopima mambo, Kisumu si mbali na kwa dada yangu. Ningekuwa napanda gari asubuhi, namwona mtoto, narudi Bungoma kulala. Lakini wakati ule sikupima hivyo. Nilifikiri nikikataa ziwa, nimekataa maziwa yote.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane tukaenda Baringo. Tuliteremka lile bonde mpaka masikio yangu yakaziba, tukafika kwenye joto la ajabu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwanangu alipima kina kwa mti mrefu, akashika tope akalinusa, akauliza wenyeji upepo unaanza saa ngapi. Uso wake ulikuwa umependa, na mtoto alikuwa tayari amevaa jaketi la kuelea. Mimi nikatangulia miguu mitupu, mawe yakinichoma. Gogo lililokuwa karibu na ukingo likafungua jicho.

“Mamba!”

Nilikimbia mimi, mtu wa nyonga mbovu. Wenyeji walicheka, wakasema mamba wa pale hawana shida na watu, wanashiba samaki.

“Na siku samaki wakigoma?” nikawauliza.

Hata huko sikupanga. Mkewe mwanangu, ambaye kwa heshima yetu huwa hanitazami usoni, siku hiyo alinitazama. Aliona nimefurahi.

Tulilala Nakuru kwa jamaa, na asubuhi tukaenda Naivasha. Ndilo ziwa la mwisho alilokuwa nalo moyoni, na lilikuwa mbali na Kitale kuliko yote. Njiani nililiandaa neno la dada yangu. Nililiweka chini ya ulimi kama kidonge. Kaburi. Nilijiambia nitalisema polepole, kama mtu aliyeshikwa na kitu, kisha nitanyamaza, na hakuna atakayebisha. Mtoto alikuwa ameketi kando yangu akinisuka nywele za mbele ya sikio.

“Kukhu, mbona umenyamaza?”

“Natunza mate.”

Naivasha maji yalikuwa safi, mapana, na milima imeyakalia pembeni. Mamba hakuna, walisema. Nyasi kidogo tu ukingoni. Mwanangu aliona mawimbi madogo yanaamka katikati, akataka kujua upepo wake una tabia gani. Akafanya kosa. Badala ya kungoja nitangulie, alimteremsha mtoto na lile ganda la njugu kwa upande mwingine wa matete, mimi nikiwa bado nimeinama kwenye mlango wa pikapu nahangaika na kamba za viatu. Nilipofika ukingoni, miguu kwenye tope baridi, mdomo tayari umefunguka kwa lile neno, nikaiona ile rangi ya machungwa huko ndani, na kichwa cha mtoto juu yake.

Upepo ukaja kutoka mlimani. Niliuona ukija, maji yanageuka meusi mbele yake. Ukaipiga mashua ubavuni. Ikapinduka.

Nilibaki natazama tumbo la mashua. Tumbo tu, la machungwa, linang'aa, na hakuna kichwa. Sijui kuogelea. Nilishasema. Niliingia mpaka magotini, pale ninapojua maji, na hapo miguu ikakataa. Sauti nayo ikakataa. Mwanangu alikuwa mbali kwenye matete. Nilisimama na mikono imenyoshwa kama mwanamke anayengoja kupokea nguo kutoka kwenye kamba. Ndipo nilipojua kwamba niliyoyaita uongo wakati wa ugali hayakuwa uongo, na kwamba hata hivyo sikuwa na imani nayo.

Kafi lilitokea kwanza, likapiga maji. Kisha mashua ikajitingisha kama ng'ombe anayeinuka, na mtoto akatoka juu, nywele zimemganda, anatema maji, anacheka. Anacheka!

“Maji yamemrudisha!” nikapiga kelele. “Maji yamemrudisha!”

Nilipiga kelele hadi watu wa nyumba za karibu wakatoka. Nilipiga vigelegele, na machozi, na kamasi. Lile neno lingine sijui lilikwenda wapi. Labda nililimeza.

Mwanangu alinikuta pale. Alipiga magoti kwenye tope, suruali yake nzuri, akanishika mikono yote miwili.

“Mayi, umesema.”

“Nimesema nini?”

“Umesema maji ya hapa yanarudisha mtoto. Hakuna mama aliyewahi kusema neno zuri hivyo.”

“Hilo nililia tu. Sikuwa nimesema bado.”

“Mayi,” akasema, taratibu, kama mtu anavyoongea na mgonjwa, “wewe ndiye uliyenifundisha. Neno la kupanga si neno.”

Ningefanya nini? Niseme nilikuwa nimepanga kaburi? Niseme mbele ya mtoto aliyetoka tu majini? Jua likishuka, viboko walitoka kwenye matete, wawili, wanene kama matrekta, wakaanza kula majani mahali palepale tuliposimama. Nikawaonyesha kwa kidole. “Na hao?”

“Tutaweka ua,” mwanangu akasema. “Neno limeshatoka.”

Mkewe aliniletea maji katika kikombe cha bati. Alipiga magoti akaninyoshea. Nikayachukua yote mdomoni. Wote wakasimama wakingoja niteme. Mashavu yamejaa, natazama ziwa, natazama mtoto amejifunga shuka langu, meno yanamgongana. Maji yalipata joto mdomoni mwangu. Kumeza ni laana. Kutema ni kumtoa mtoto. Nilikaa hivyo mpaka macho yakanitoka, na hakuna aliyeruhusiwa kunisemesha, lakini yule mtoto hajawahi kuzuiwa mdomo na mtu.

“Kukhu, usimeze,” akasema.

Nikatema.

Mtoto alirudi na mimi Kitale kuchukua sanduku lake na kuaga shule. Kuku wake alimwachia jirani, akasema kukhu atawachinja kwa hasira. Kitanda aliniachia chote. Baba yake alipomchukua, alikaa mbele katikati yao, na alipunga mkono kwa muda mrefu, mpaka kona ya kinu cha mahindi. Pikapu haikuwa na kitu juu.

Nilibaki nimesimama kwenye geti. Jirani akaja kwenye ua wake.

“Mama, na lile ganda la njugu?”

“Limebaki ziwani.”

“Na njugu yenyewe?”

Siku nyingine ningemjibu, na angejuta. Siku hiyo nilifunga geti, nikaenda kukitandika kile kitanda, upande wangu tu.